Wachokoa pweza na wakulima wa mwani wa Kusini: si kila kidonda kisichopona ni donda ndugu

Fundi_Darubini

Wakuu salaam, hasa nyie mlioko kuanzia Kilwa Masoko kushuka Lindi, Sudi, Mikindani mpaka kule Msimbati. Mimi ni mtu wa maabara, mzaliwa wa Shangani, kazi imenitupa bara. Juzi kwenye grupu la mtaa ilirushwa picha ya mguu wa mama mmoja mchokoa pweza, kidonda juu ya kifundo, kimegoma kufunga. Ushauri ulioshuka chini ya picha mnaweza kuukisia. Wa kwanza: fungua kapsuli ya rangi mbili umwagie unga. Wa pili: hilo donda ndugu, kuna mzee ana dawa ya majani. Wa tatu: kakanyaga pa wenyewe (pepo) huko mwambani, apelekwe akatengenezwe. Meseji zikafurika mpaka usiku, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza huyu mama aliumia wapi na kwenye maji gani.

Uzi wangu uko hapo hapo kwenye hilo swali. Maji ya bahari ya joto yana bakteria wake, tofauti na wale unaowapata kwa kujikata na jembe shambani. Wengi wao hawana shida na binadamu, wanaishi zao kwenye mchanga, kwenye samaki, kwenye majani ya bahari. Wachache wakikuta ngozi imepasuka, na mwenye ngozi ana kisukari, ini bovu au kinga imeshuka, wanaingia. Ndiyo maana wanaitwa nyemelezi, jina lile lile tulilolizoea kwenye magonjwa yanayowaandama wenye VVU.

Leo nataka kumzungumzia mmoja tu, Shewanella algae. Najua jina ni gumu, vumilieni. Ukoo wake uligunduliwa kwenye kitu ambacho hakina bahari kabisa: mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Derby na Hammer, walimtoa ndugu yake kwenye siagi iliyooza. Jina Shewanella lilikuja mwaka 1985, kumuenzi James Shewan, Mskoti aliyetumia maisha yake kuchunguza kwa nini samaki wanaharibika. Kisha mwaka 1990 Wajapani wakamweleza huyu wa kwetu, waliyemkuta kwenye mwani mwekundu, ndiyo asili ya hilo "algae".

Akikupata, mara nyingi anaanzia mguuni kwenye kidonda cha zamani au mkwaruzo mpya, au anakaa sikioni. Mguu unavimba, unapata moto, unauma, usaha unatoka. Kwa ngozi zetu msitegemee kuona wekundu ule wa kwenye vitabu. Angalieni ngozi inayokuwa nyeusi zaidi, inayong'aa na kuvutika, ukigusa ina joto kuliko mguu wa pili. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi inaishia hapo. Kwa mgonjwa wa ini, wa nyongo au wa kisukari anaweza kupenya mpaka kwenye damu, na hapo ndipo watu wanapokufa.

Ni nadra, nasema mapema ili mtu asije akalala macho. Lakini kitu kikiwa nadra na wewe ndiye unayeshinda kwenye maji anamoishi, kwako hakiwi nadra kama kwa mtu wa Dodoma. Karibuni tujadili.

Mzee_wa_Feri

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wajuzi. Uzi wa maana huu, sio zile za nani kaachana na nani.

Muuza_Supu

Mkuu Fundi, na wewe umeona tunapata pumzi kidogo ukaamua uje utuharibie. Mimi nauza supu ya pweza na vipande vya kukaanga hapa karibu na stendi. Kesho mteja akisoma huu uzi wako ataniambia pweza ana bakteria. Nyie wasomi mkikosa cha kuandika mnakumbuka vyakula vyetu.

Fundi_Darubini

Kaka Muuza_Supu, nikija likizo nakuja kula kwako, na sitakula kwa hofu. Pweza aliyechemka mpaka akalainika hana bakteria huyu aliye hai. Moto unamuua upesi kabisa. Shida iko kabla ya sufuria: mkono wa anayemparura pweza mbichi huku ana mkato kidoleni, na mguu wa anayemtafuta mwambani. Chaza mbichi ni habari nyingine, lakini kwetu watu wanachemsha au wanakaanga. Wanaokula chaza wabichi na ndimu ni wageni wa hotelini.

Mama_Mwani_Naumbu

Asante mwanangu kwa kuliongelea. Sisi maji yakitoka tunaingia kufunga mwani, tunatoka bahari inarudi. Kamba zinakata vidole, mambo (vigingi) za kupigilia zinatuchubua, ukikanyaga gome la chaza ndiyo basi, unachanika kama kwa wembe. Na huwezi kuacha kazi kwa sababu ya mkwaruzo, bamvua, zile siku maji yanapotoka sana, halikusubiri. Unafunga kitambaa unaendelea, chumvi tunaamini inasafisha. Tangu bibi zetu tunaambiwa maji ya bahari ni dawa ya kidonda. Sasa wewe unasema huko huko ndiko kwenye ugonjwa, tushike lipi?

Halafu na hilo la kwamba amekutwa kwenye mwani limenitisha. Mwani wetu nao unae?

Fundi_Darubini

Shikamoo mama. Nianze na mwani: ule wa Wajapani ni aina nyingine, wa porini, sio huu wa kamba mnaolima. Na hata akiwepo kwenye mwani wenu, anakaa pale kama anavyokaa kwenye maji yote. Mwani ukikauka juani na kwenda kiwandani hauna habari hiyo. Endeleeni kulima.

Kuhusu chumvi. Bakteria wengi wa nchi kavu kweli chumvi inawasumbua, kwa hiyo bibi hakusema uongo mtupu. Ila huyu ni mtoto wa bahari. Maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3 na nusu. Yeye maabara tunamwotesha kwenye asilimia 6 na anaota. Tena anaota kwenye joto la nyuzi 42, maana yake mwili wenye homa haumkimbizi. Kwa hiyo kidonda kilichopatikana baharini kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, tena mapema, pale pale mkitoka majini. Bebeni dumu la maji ya bomba au ya kuchemsha mliache ufukweni pamoja na kanga. Na mwenye kidonda kibichi siku hiyo apewe kazi ya juu, aanike, afunge kamba nchi kavu, asishuke.

Mama_Mwani_Naumbu

Dumu tunaweza. Hiyo ya kumpa mtu kazi ya juu itategemea na kikundi, wengine watasema anakwepa. Viatu je? Kuna wafadhili walikuja na mabuti ya mvua, kwenye tope yananasa mguu unachomoka buti linabaki.

Fundi_Darubini

Mabuti mama ni ya bustani, na yakijaa maji ndiyo balaa. Viatu vya raba vya kufunga kamba, hata vile vya mtumba vya mazoezi, vinazuia gome la chaza na mwiba wa samaki aitwaye taa usiingie moja kwa moja. Havizuii kila kitu.

Sista_wa_Zahanati

Naomba niongeze maana haya ndiyo yanaishia mezani kwangu. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji cha pwani, sitataja.

Mgonjwa wa kidonda akija kwetu ameshapita duka la dawa, kanunua amoksilini nusu dozi, kanywa siku mbili, nyingine kamwagia juu. Tukimuuliza umeumia na nini anasema "nimejikwaa". Ukimdodosa ndiyo unajua alijikwaa kwenye mwamba, majini, na amerudi majini kila siku tangu hapo. Taarifa hiyo inabadilisha kila kitu na hatuipati kwa sababu mgonjwa haoni kama ina maana. Na ukweli tuseme, wengine wetu hatuulizi. Foleni ndefu, unasafisha, unafunga, unaandika dawa iliyopo dirishani.

Watu wajue pia zahanati haioteshi vimelea. Tunachoweza ni kusafisha vizuri, kuangalia sukari, kuchoma sindano ya pepopunda kama hujakamilisha, na kuandika rufaa. Kidonda cha bahari ambacho baada ya dawa za kawaida bado kinavimba, omba rufaa uende mkoani, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, au ile ya kanda pale Mtwara, uulizie kama usaha utapimwa kwa kuoteshwa. Usione aibu kuuliza. Na ukienda usinywe antibiotiki nyingine njiani, utawapa maabara kazi bure, kimelea hakioti.

Fundi_Darubini

Dada Sista umenifungulia mlango, sasa niwaeleze upande wetu, maana lawama nyingine ni yetu.

Usaha ukifika maabara tunaupaka kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, kesho yake tunaangalia nini kimeota. Huyu anaota bila taabu, madoa ya rangi ya hudhurungi-njano, yana utelezi. Kitambulisho chake kikubwa ni kwamba anatengeneza haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza. Kwenye mrija wa kupimia sukari na chuma, chini panageuka peusi tii. Sasa fundi mwenye haraka akiona weusi ule anafikiria Salmonella, wale wa homa ya matumbo, kwa sababu nao wanageuza mrija kuwa mweusi. Kipimo kimoja kidogo cha sekunde chache, cha oksidesi, kinawatenganisha: Shewanella inatoa rangi, Salmonella haitoi. Ukikiruka unampa daktari jina la uongo.

Hata anayefanya yote sawa anaweza kudanganywa na mashine. Kwa miaka mingi orodha za vifaa vya kutambulisha zilikuwa na jina la ndugu yake tu, Shewanella putrefaciens, yule wa siagi. Kwa hiyo ripoti nyingi za zamani duniani zimeandikwa putrefaciens wakati mgonjwa alikuwa na algae. Zilipokuja kuchunguzwa upya ikaonekana sehemu kubwa ya wanaougua ni wa algae. Putrefaciens anapenda baridi, anaota hata kwenye friji, nyuzi 42 hazimfai. Huyu wetu ni kinyume, na ndiye anayeweza kuishi kwenye mwili wa mtu.

Sasa dawa. Penisilini ya kawaida mara nyingi haimgusi, na sindano na vidonge vya kizazi cha kwanza vya ukoo wa sefalosporini navyo vinashindwa mara nyingi. Ndiyo maana ule unga wa kapsuli za ukoo wa penisilini, kama amoksilini, mara nyingi hausaidii, mbali na kwamba unatengeneza gamba juu na usaha unabaki chini. Seftriaksoni, jentamaisini na sipro kwa kawaida zinamweza, ila wapo waliokwishaanza kuzikwepa, kwa hiyo kipimo cha usugu ndicho kinachoamua. Sitaandika dozi hapa, msiniombe.

Kuna jambo moja kuhusu huyu bakteria ambalo mimi binafsi linanikosesha usingizi kuliko vidonda vyenyewe. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni iitwayo qnrA, inayowasaidia bakteria wa hospitalini kuihimili sipro, asili yake ni Shewanella algae. Yaani silaha ile ilikuwa baharini, ikahamia kwa vimelea wengine. Sipro yenyewe tunainunua dukani kama pipi, kila mwenye tumbo la kuuma anayo mfukoni.

Mtoto_wa_Mnazi_Bay

Ngoja kwanza, hawa Shewanella si ndio nilisoma sehemu kwamba wanatoa umeme? Au nimechanganya?

Fundi_Darubini

Hujachanganya mkuu. Ndugu yao mwingine, Shewanella oneidensis, aliyetolewa ziwa Oneida kule New York na kuandikwa mwaka 1988, anaweza kupumua kwa kutumia madini kama chuma na manganizi pale oksijeni inapokosekana. Anasukuma elektroni nje ya mwili wake. Wanasayansi wanamtumia kwenye betri za majaribio zinazotoa umeme kidogo sana.

Mtoto_wa_Mnazi_Bay

Umeme kwenye tope la kwetu! Msiseme kwa sauti wakuu, litajengwa bomba kama la gesi yetu, naye atapelekwa Dar.

Mzee_wa_Feri

😂😂 Mtwara na bomba. Haya turudini kwenye mada.

Kijana_wa_Msangamkuu

Fundi nakuheshimu lakini naona umewadharau waliosema kuhusu wenyewe wa mwambani. Sisi tumekua tukiona. Mtu anaumia jioni, asubuhi mguu una malengelenge meusi, kesho kutwa tunazika. Hicho ni kidonda gani? Hospitali wanasema "maambukizi" basi. Siku mbili tu jamani.

Fundi_Darubini

Ndugu yangu sijadharau, na hilo unaloeleza ni la kweli kabisa, lina jina. Ila siyo Shewanella. Kwa maelezo yako ya malengelenge meusi na siku mbili, mimi ningemfikiria kwanza Vibrio vulnificus, ukoo mmoja na kimelea cha kipindupindu, ingawa hata bakteria wengine wa kula nyama wanaweza kufanya hivyo. Huyu Vibrio anapenda maji ya joto ambapo mto unakutana na bahari, chumvi haijakolea. Nyie mnazijua sehemu hizo kuliko mimi: mdomo wa Ruvuma, Lukuledi pale Lindi, mikokoni.

Tofauti yao ni mwendo. Shewanella mara nyingi anakwenda polepole, unapata muda wa kuzunguka mpaka umpate daktari sahihi. Vibrio anahesabu saa. Takribani mmoja kati ya watano wanaomwugua anafariki, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu waanze kuumwa, na walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa ini. Na Kusini homa ya ini ipo, na gongo ipo, tusidanganyane. Maumivu yakiwa makali kuliko kidonda kinavyoonekana, mguu unavimba unaona kwa macho, malengelenge, homa na baridi: hapo hakuna kusubiri asubuhi, tafuteni boti, bodaboda, chochote. Anahitaji dawa za mshipani na pengine kupasuliwa ile ile siku.

Kama familia inataka kufanya na ya kwao mwambani, sina ugomvi. Ifanywe na wanaobaki nyumbani, mgonjwa akiwa ameshaondoka.

Kijana_wa_Msangamkuu

Hapo mwisho umesema kiutu uzima. Tatizo letu usiku feri hakuna, mpaka upate mtu wa boti. Lakini nimekuelewa.

Sista_wa_Zahanati

Na aliyechomwa na mwiba wa taa: loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mkono mzima, sio ule ulioumia, unayavumilia. Nusu saa mpaka saa moja na nusu. Yanatuliza sumu yake. Usikate, usinyonye, usipake mafuta ya taa. Kipande cha mwiba kikibaki ndani ndicho kinachokuja kuoza baadaye, kwa hiyo hata maumivu yakiisha, njoo tuangalie.

Baba_Zuwena

Wakuu mniwie radhi naingia katikati. Mwanangu wa miaka tisa anashinda anaogelea Mikindani na wenzake, sikio linatoa maji yenye harufu mwezi sasa. Mama yake anadondoshea mafuta ya nazi ya vuguvugu. Fundi umetaja sikio pale juu ukapita.

Fundi_Darubini

Nilipita haraka, kweli. Sikio ndiyo moja ya makao yake makubwa. Denmark, nchi ya baridi, miaka ya 1990 walijikuta na watoto wengi wa masikio yanayotoa usaha baada ya majira ya joto, maji ya bahari yakipata moto kuliko kawaida. Walipootesha wakawakuta Shewanella. Sasa wao wana joto hilo wiki chache, sisi tunalo mwaka mzima.

Sisemi mwanao anaye, sikio la usaha lina wengi wanaolisababisha. Ila mafuta yaachwe, kwa sababu kama ngoma ya sikio ina tundu yanaingia ndani. Asizame mpaka aonwe. Lifutwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, usiingize kijiti. Mpeleke aangaliwe kwa kile kifaa cha taa, na usaha uchukuliwe kabla ya matone yoyote. Mwambie daktari kwamba ni mtoto wa baharini, ataje anaogelea wapi.

Baba_Zuwena

Asante. Kesho ni Jumatatu, nampeleka. Mama yake nimemsomea, kanuna kidogo kuhusu mafuta.

Mchuma_Chumvi

Swali la mwisho kutoka Lindi mkuu. Sisi wa mashamba ya chumvi miguu imepasuka nyufa kuanzia Julai mpaka msimu uishe, na tunasimama kwenye maji ya bahari hayo hayo. Tuko salama kwa sababu ya chumvi kuwa kali au tuko kwenye hesabu yako?

Fundi_Darubini

Inategemea umesimama kwenye jaruba lipi. La mwisho, pale chumvi inapoanza kuganda, maji yanapita asilimia 20 na kitu, huyu bakteria hawezi kuota mle. Lakini lile la kwanza linalopokea maji kutoka mkondoni ni bahari tupu, tena imetulia na imepata joto. Na zile nyufa zinatokana na majaruba ya mwisho, halafu mnarudi nazo kwenye ya kwanza kufungua maji. Kama mnaweza kugawana, wenye miguu iliyopasuka wabaki huku kwenye kukwangua na mifuko, wenye miguu mizima waende mlangoni. Jioni maji yasiyo na chumvi na sabuni, kausha katikati ya vidole, paka mafuta mazito. Na yeyote kati yenu mwenye kisukari asisimame majini pekupeku hata siku moja.